Wodi Iliyosafishwa kwa Wageni

Asubuhi ambayo wageni kutoka wilayani walikuwa wakitarajiwa, Mama Orpa Sunbanu aliwatoa wodini wanawake watatu waliojifungua, kila mmoja na kichanga chake kifuani, akawapitisha njia ya nyuma hadi nyumbani kwake. Wa mwisho alikuwa amejifungua jana tu, akatembea huku akijishikiza ukutani.

"Mama, kwani tumekosa nini?" aliuliza.

"Hamjakosa kitu. Mnanuka moshi tu. Mgeni akija kwako, utamwonyesha vyungu visivyooshwa?"

Moshi ndio uliokuwa roho ya wodi ile. Huko milimani Mollo, mwanamke akijifungua hukalishwa kando ya makaa siku arobaini, na kwa miaka mingi hakuna aliyekubali kwenda kuzalia kwenye vitanda baridi vya serikali. Mkunga Delvi, binti wa pwani aliyepelekwa huko akiwa bado mbichi kazini, ndiye aliyepata akili ya kujenga kibanda cha duara nyuma ya wodi na kumpa Mama Orpa, mkunga wa jadi, kazi ya kutunza moto. Wanawake wakaanza kuja. Kwa miaka sita hakuna aliyezikwa kwa sababu ya uzazi. Mama Orpa, ambaye wanawake wawili walimfia mikononi enzi zake, alijua hilo lina maana gani.

Ndiyo maana alisugua sakafu mpaka viganja vikawaka. Delvi alikuwa ameteremka barabarani kuwapokea wageni, na jana yake alimwambia neno moja tu: wanakuja kuitazama wodi. Basi na waitazame! Akatandika mashuka meupe, akayanyoosha, kisha akamwagia maji makaa ya kibandani ili pasifuke hata kidogo.

Wageni walivishwa vitambaa vya kufumwa shingoni, wakapewa tambuu, wakaingia. Mkubwa wao, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alipitisha kidole juu ya mto.

"Pasafi mno. Yaani Mama, hapa hajalala mtu!"

"Hata mmoja, Baba!" Mama Orpa alijibu, kifua mbele.

Delvi aligeuka kwa ghafla. "Wapo watatu, Bwana. Nimewaacha hapa hapa alfajiri. Mama Orpa, wako wapi?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Lakini mgeni alikuwa amevaa kitambaa alichomfumia kwa mikono yake, na kukiri sasa kungekuwa kukubali kwamba amemdanganya mbele za watu. Akatazama sakafu yake inayong'aa, akaanza kunyoosha shuka lililokwisha kunyooka.

Delvi alikimbilia kibandani, akakuta majivu yaliyolowa. Aliporudi, mkubwa yule alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi.

"Sista, madaftari yako yamejaa watoto. Lakini daftari hujazwa na mwenye kalamu. Ndiyo maana tumekuja kuona kwa macho."

Mama Orpa alimwambia Delvi ukweli gari la wageni lilipokwisha kupinda kona.

"Ungenikonyeza tu, Mama," Delvi alisema. "Hata kukonyeza?"

Barua ilifika wiki ya tatu. Huduma ya uzazi inahamishiwa mjini. Wajawazito wakakae huko kwenye nyumba ya kusubiria. Mkunga anahamishwa kwa kuandika takwimu zisizo za kweli. Delvi aliandika kupinga, mara mbili. Hakujibiwa.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Orpa alisimama mbele ya watu wote akaeleza alichofanya. Alitaka wamtukane. Alitaka hata mmoja amwite mpumbavu, apumue.

"Sasa ulitaka uwaonyeshe nini, damu?" alisema mzee wa kanisa. "Umetutunzia heshima, Mama Orpa."

"Hata mimi ningewatoa," alidakia mwanamke mmoja. Wengine wakaitikia kwa vichwa, akiwemo yule aliyetembea akijishikiza ukuta, ambaye sasa alikuwa amemaliza siku zake arobaini. Delvi, aliyekuwa amekaa nyuma, alicheka mara moja, kicheko kikavu, akainuka akaenda kufunga mizigo yake.

Lori la kuchukua vitanda lilikuja Jumatano, mvua za kwanza zikinyemelea. Wanaume wa kijiji wenyewe ndio waliopakia, kwa adabu, wakiulizana kama miguu ya vitanda haitakwaruzika. Yosina, mkwewe Mama Orpa, alisimama kando na mimba yake ya miezi minane.

"Huyu apande sasa hivi," dereva alisema. "Mto ukijaa, hakuna gari litakalovuka mpaka mwezi wa nne."

"Wiki nne kabla ya siku zangu?" Yosina aliuliza. "Nikakae na nani? Nani atanikokea makaa huko?"

"Wanasema kuna blanketi," alijibu Mama Orpa.

"Blanketi!"

Hakukuwa na nafasi mbele. Kiti kilijaa makabrasha. Wakampandisha nyuma, wakamlaza juu ya godoro katikati ya vitanda vilivyofungwa kamba. Mama Orpa alipanda naye, akapiga magoti, akaanza kunyoosha shuka chini yake kwa kiganja, pembe hii, kisha pembe ile.

"Acha, Mama," Yosina alisema. "Acha kusafisha."

Mama Orpa akateremka. Lori likaondoka.