Mke Mwenzangu wa Sokobanja

Nilipotoka eda, mjukuu wangu Nouf aliniuliza nnataka kutembezwa wapi. Wajane wenzangu hapa Maskati wakitoka eda huenda Umra. Mie nikasema Sokobanja, Serbia. Nouf akaitafuta kwenye simu, kisha akanishika paji la uso kuona kama nna homa.

Marehemu Hamoud alisoma Belgrade kabla hajanioa, na likizo moja alikwenda kijimji hicho cha chemchemi za maji ya moto. Sandukuni mwake mlikuwa na picha: yeye kijana, nywele kama kichaka, kasimama na msichana wa Kizungu mbele ya hamamu la Kituruki, nyumba ya kuogea. Nyuma imeandikwa Desanka. Miaka khamsini nikimwita msichana yule mke mwenzangu. Hamoud akicheka tu, hakatai wala hakubali. Sasa kafa bila ya kusema, na mie nilitaka kujua.

Tangu afe sikulia. Majirani wa mtaani kwetu Al Khuwair walinisifu kwa subira. Subira sikuwa nayo, nilikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Tukafika. Mji mdogo, unaumaliza kabla viatu havijaanza kukubana. Siku ya kwanza Nouf alipanda ngome ya Sokograd, mie nikabaki chini kulinda benchi lisiibiwe. Siku ya pili tukaenda maporomoko ya Ripaljka. Maji yanaanguka, haya. Watu wanapiga picha, nami nikapiga. Sikuhisi kitu ila baridi.

Siku ya tatu tukaenda hamamu. Nouf akamwonesha ile picha mama anayekata tiketi. Yule akacheka, akapiga simu, na hatujamaliza chai akatokea bibi mnene mwenye mkongojo, kajipaka rangi ya mdomo. Ndiye Desanka. Mie nimevaa dhahabu zangu zote.

Akaisogeza picha mbali, akaisogeza karibu. Nouf akatafsiri kwa simu: siku zile wanafunzi wa kigeni walikuwa wengi, kila mmoja akitaka kupigwa picha naye. Huyu hamkumbuki.

Nikakasirika. Hamoud wangu ndiye wa kusahauliwa? Nikamweleza: mrefu, akiimba vibaya, akitia chumvi chakula kabla hajakionja. Bibi yule akatikisa kichwa kwa huruma. Kumbe miaka yote ile nilimwonea wivu mtu ambaye hata hakumjua Hamoud.

"Mwambie mume wangu alimtaja mpaka siku ya kufa."

"Bibi, si kweli."

"Wee tafsiri. Dhambi yangu mie."

Simu ikasema. Desanka akajishika nywele, mashavu yakamwiva. Akaiangalia picha muda mrefu, halafu akasema neno. Nouf akanitafsiria polepole, hanitazami usoni:

"Anasema sasa anamkumbuka. Alikuwa akiimba."

Muongo mkubwa bibi yule. Nikamvutia kiti karibu yangu, nikamwambia Nouf amwombe anihadithie yote.