Maua Juu ya Mwanne

Pale Marui uwanja wa nyumba ulifagiwa mpaka ukawa mweupe. Wa Siwema ulikuwa na zulia la zambarau. Maua yale mafupi, yenye jicho la manjano, yalitambaa chini, na kila kifundo cha shina kilichogusa mchanga kilitoa mizizi. Aliyapanda juu ya kaburi la mwanawe, Mwanne, kwa sababu mvua ilikuwa inalila tuta.

Asubuhi ya Operesheni mgambo walikuja na lori, kuwahamishia watu kijiji cha ujamaa. Kwa Siwema walianza kwa kuchoma paa. Kisha mkubwa wao, Mashaka, mtu wa kijiji cha Janga, akayaona maua.

"Nani anaacha majani mbele ya nyumba? Hapa pamefukiwa mahindi."

"Ni kaburi," Siwema alisema, kwa sauti yake ndogo.

"Leo kila nyumba ina kaburi, shemeji! Jana tumefukua moja, marehemu tukamkuta ni gunia la mtama."

Wenzake wakacheka.

"Mjukuu wangu yumo humo, mwanaharamu we!" Bi Mboni, mama mkwe wa Siwema, alimrukia Mashaka. Kirungu kikamshukia begani, akaanguka.

Mgambo wawili wakamshika Siwema. Mashaka akatia jembe. Zulia likachanika vipande, mizizi ikaning'inia. Alichimba huku akitukana joto la moto, shimo likamfika magotini, mapajani. Jembe likagonga mbao.

"Sanduku!" akapiga kelele.

Siwema akauma mkono uliomshika mpaka akaonja damu. Akachomoka, akaokota mchi, akampiga Mashaka kwa nguvu zake zote. Mfupa wa mkono ulilia kama kuni kavu. Virungu vikamwangukia Siwema kichwani, mgongoni, mdomoni.

"Acheni!" Mashaka alikuwa akitazama chini, mkono unaning'inia. Mbao zilikuwa zimelazwa mshazari, zimezibwa kwa udongo. Yeye mwenyewe alishawahi kuzipanga hivyo, makaburini kwao. "Acheni, jamani. Ni mtu."

Hakuna aliyecheka. Lori likapiga honi.

Siwema alitambaa mpaka shimoni, akaanza kurudisha mchanga kwa viganja. Paa likaporomoka nyuma yake, cheche zikamwangukia shingoni, hakugeuka. Akaokota vipande vya mashina, akavilaza kimoja kimoja, akakandamiza kila kifundo kwa kidole gumba chenye damu.

"Twende, mama," mgambo mmoja alisema, taratibu.

"Bado."

Wakamngoja.