Nafasi ya Mama Magige

Jumamosi asubuhi Luhende alifuta kioo cha kamera yake kwa pindo la shati, akamwambia mke mdogo, Jeska, avae haraka, lori la pamba halisubirigi mtu. Luhende alikuwa mpima pamba kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda, na Mseti, dereva wa lori, alikuwa rafiki yake. Kila Jumamosi lori likienda Musoma, Luhende alidandia na kamera yake kwenda kupiga picha sehemu nzuri: gati la meli, kilima cha Mukendo, mawe ya Mugango. Kwenye kabini palikuwa na nafasi ya mke mmoja.

"Siku nyingine na wewe, Mama Magige," alimwambia mke mkubwa, Marieta. Alikuwaga anamwambia hivyo kila wiki.

Marieta alichukua jembe. Tangu kijiji kihamishiwe kando ya barabara, Jumamosi ilikuwa siku ya shamba la ujamaa, na kila mtu mzima alikuwa na tuta lake. Marieta alilima la kwake, akahamia la mume wake, akamalizia la Jeska. Mwenyekiti Wanzagi akapita, akakuta matuta ya nyumba ya Luhende yako safi, akaridhika.

Picha zilisafishwa na Bernado, mwenye studio Kamunyonge, Musoma mjini. Mkanda wa kwanza ulipotoka, Jeska alikuwa amesimama gatini, viatu vya raizoni vya soli nene miguuni, miwani ya jua, mkono kiunoni. Pembeni yake alikuwepo Marieta, kanga imekazwa kiunoni, udongo hadi magotini. Ameinama, analima sementi ya gati.

"Huyu mama umemkata kichwa," Bernado alisema. "Kosa lako, ndugu. Siku nyingine rudi nyuma kidogo, umwachie nafasi."

Luhende akawa anarudi nyuma. Mukendo, Marieta akatokea analima mteremko. Mugango, analima juu ya jiwe. Hata ile ya barabarani giza limeingia, Jeska ameegemea bampa la lori, taa zimewaka, Marieta alikuwemo ndani ya mwanga, analima barabara. Na siku zote hizo Wanzagi alikuwa amemsalimia Marieta shambani kwa mdomo wake.

Majirani walikuja kuangalia picha.

"Kumbe na wewe unafikaga Musoma!" jirani mmoja, Gati, alimwambia Marieta.

"Sijafika," Marieta alisema. "Nimetokea tu."

"Ungevaa basi hata kiatu, shoga!"

Walicheka wote. Picha zilitundikwa nyumbani kwa Jeska. Jeska alijaribu kumtoa Marieta kwa wembe, lakini mpini wa jembe ulikuwa umepita mbele ya gauni lake, na ili aukate ilibidi akate na gauni. Akaacha. Alikuwa anazipita zile picha amevimba.

Marieta hakuumizwa na wembe. Kilichomuuma ni kwamba yumo kwenye picha zote na hakuna hata moja aliyonyoosha mgongo. Alitaka moja tu: yeye na mume wake, gauni la bluu, katikati yao pasiwe na mtu. Ukutani kwake msumari alishaupigilia. Usiku, Luhende akiwa zamu kwa Jeska, alikuwa anaukaza tena kwa jiwe, na haukuwa umelegea.

Mwisho Jeska ndiye aliyesema. "Bwana, mpeleke. Akienda mzima mzima labda ataacha kuniingilia kwenye zangu."

"Na shamba?"

"Nitalima mimi. Kwani sina mikono?"

Jumamosi hiyo Mseti alikuwa anapitia Butiama. Marieta alipanda kabini na gauni la bluu, akashika mlango njia nzima. Kwenye mawe ya Butiama alisimama wima karibu na mume wake. Mseti akaishika kamera.

"Mama Magige, cheka basi! Hujaja msibani!"

Akacheka. Mseti akabonyeza.

Picha ilitoka vizuri. Luhende kushoto, Marieta kulia, mgongo umenyooka, na meno yanaonekana. Katikati yao, juu ya jiwe, Jeska amelala kwenye mkeka, kikombe cha chai tumboni, kichwa amekilaza kwenye kiatu cha Luhende.

Wanzagi alikuwa ameshafika kulalamika. Matuta ya nyumba ya Luhende yalikuwa na majani mpaka gotini. Aliishika ile picha, akaitazama, akairudisha.

"Nani anayalima?" aliuliza.

Luhende alikuwa bado anaangalia picha. "Jeska ametoka vizuri," alisema. "Nitamwambia Bernado atoe nyingine, tumpe na yeye."

Marieta alichukua ya kwake, akaining'iniza kwenye msumari. Alivua gauni, akalikunja. Akachukua jembe, akaenda kulima tuta la kwake, la mume wake, na la Jeska.

Jumamosi iliyofuata lori lilipiga honi. Jeska akapanda na raizoni zake. Huko gatini Luhende aliiweka kamera jichoni, akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka upande wa kulia wa Jeska pakawa peupe panatosha mtu na jembe. Ndipo akabonyeza.