Mpaka King'ora Kinyamaze

Mimi ni mwoga, na sina haja ya kuficha. Mume wangu hunitania kwamba hata kivuli changu mwenyewe kikinitokea ghafla napiga mayowe, nami humjibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kila mwaka ile siku ya kumbukumbu ikifika, huwa macho tangu alfajiri.

Mji wetu una kiwanda cha barafu. Zamani, mimi bado nabebwa mgongoni, tangi la kiwandani lilipasuka, ile hewa kali wanayopozea mitambo ikashuka mitaani na watu wakafa, baba mkwe wangu akiwa mmojawapo. Tangu hapo, siku hiyo ikirudi, king'ora cha kiwandani hulia saa nne asubuhi. Kikilia, kila mtu anasimama palepale alipo, kichwa chini, macho yamefumbwa, mpaka kinyamaze. Dereva anashuka garini, muuza nyanya anaacha kupanga mafungu. Ukitikisika utasemwa mwaka mzima. Kwa kawaida hulia dakika moja tu, lakini mimi dakika hiyo naiona ndefu kama kwaresima.

Mwaka huu binti yangu wa darasa la tano alichaguliwa kuimba na wenzake kwenye uwanja wa kumbukumbu, uliopakana na ukuta wa kiwanda. Nilikataa. Mama mkwe akanipandisha na kunishusha.

"Babu yake alifia pale, wewe unataka kumficha mtoto jikoni?"

"Mama, roho yangu haitaki tu."

"Hofu zako baki nazo mwenyewe. Mtoto ataenda."

Mama mkwe wangu akishasema hivyo, kilichobaki ni kuitikia. Mtoto akapigiwa pasi sare, akaenda.

Mimi nikafungua saluni. Mteja wa kwanza alikuwa mke wa fundi cherehani, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo. Alitaka kuwekwa dawa ya kunyoosha nywele. Dawa ile ukichelewa kuiosha inaunguza ngozi, ndiyo maana huwa simwachi mtu nayo nikaenda kupiga soga. Ndiyo kwanza nimemaliza kumpaka kichwa kizima, king'ora kikalia.

Nikatazama saa ya ukutani. Saa nne ilikuwa bado.

"Saa yako imeishiwa betri," mteja akasema. Akasimama na taulo lake mabegani, akafumba macho.

Nami nikasimama. Nilichungulia kwa jicho moja, nikaona mtaa mzima umeganda: mwenye duka la vipuri mlangoni pake, mwenye baiskeli kando ya baiskeli yake. Dakika ikapita. King'ora kikaendelea.

"Mwaka huu wamepania," mteja akanong'ona.

"Kimezidi."

"Nyamaza basi, shoga. Adabu."

"Kimezidi, nakwambia."

"Mwenzio kichwa kinawaka moto na nimetulia."

Machozi yalikuwa yanamchuruzika. Dawa inamla ngozi, sinki na maji viko nyuma yake, naye kasimama wima kwa sababu king'ora hakijanyamaza. Hapo ndipo hofu iliponikamata. Nikawaza, ikiwa mtu mzima na akili zake hawezi kwenda sinkini, wale watoto watakwenda wapi?

Nikamwinamisha sinkini, nikafungua bomba, nikatoka mbio na glavu zangu mkononi.

Sikujua lolote, nisije nikajifanya mganga. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea uwanjani, kwetu hapakunukia kitu. Niliogopa tu. Na kukimbia peke yako katikati ya watu waliosimama kunatia kichaa, maana unaanza kuamini kwamba mgonjwa ni wewe. "Kimbieni," nikawaambia, na sauti ikatoka nyembamba kama ya kuku aliyekabwa. Mmoja akanifyonya. Mwingine akasema, "Huyo kapandwa na nini?" bila kufumbua macho.

Kwenye makutano ya barabara, askari wa trafiki akanidaka mkono.

"Mama, heshimu marehemu."

"Mwanangu yuko uwanjani."

"Hata wangu yuko huko."

"Basi twende ukamchukue."

Akanitazama, akatazama juu kulikokuwa kunatoka ule mlio. Akaniachia. Baada ya hatua chache nikasikia buti zake nyuma yangu.

Harufu ilitupokea kabla hatujafika. Ilinichoma machoni na puani, kali kuliko dawa zangu zote zikifunguliwa kwa pamoja, na juu ya ukuta wa kiwanda ukungu mweupe ulikuwa unamwagikia uwanjani taratibu. Watoto walikuwa wamesimama kwa mistari, wameshikana mikono, macho wamefumba. Wengine walikohoa huku wamebana midomo. Mwalimu wao alikuwa mbele, leso puani, kichwa chini. Miguu yangu ikataka kugeuka, Mungu ananiona, lakini nilishamwona binti yangu.

"Twende."

"Mama, bado hakijanyamaza."

"Nimesema twende."

"Mwalimu kasema tusiachiane."

Hakumwachia mwenzake, na mwenzake hakumwachia aliyefuata. Nikamvuta yeye, ukaja mstari wote kama nguo kwenye kamba. Nyuma yangu askari akapuliza filimbi yake kwa nguvu zote. Watoto walipoisikia ndipo macho yakafumbuka, na mwalimu akaona kilichokuwa juu yetu. Tukakimbia sote kupandisha mlima.

Fundi wa mitambo ndiye aliyebonyeza king'ora. Bomba lilimpasukia mbele ya macho. Alitusimulia akiwa kitandani hospitalini kwamba alikuwa akichungulia dirishani na kuona watu wamesimama, hawaendi popote, naye akazidi kubonyeza. Kadiri alivyobonyeza ndivyo nasi tulivyozidi kusimama.

Hakufa mtu. Watoto waliwekwa wodini, wakaoshwa macho. Mama mkwe alikuja akajikunja pembeni ya kitanda, akamshika mjukuu wake mguu. Mimi nikamuuliza binti yangu lile lililokuwa linanitafuna.

"Mwanangu, hukusikia ile harufu?"

"Nilisikia. Sote tulisikia." Akakohoa kidogo. "Tulidhani ni sehemu ya kumbukumbu. Ili tujue walivyosikia wale waliokufa."