Nyuso za Wote Wanaoishi Hapa

Tabita alikuwa akifunga kikombe cha uji juu ya sinia la roboti kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Aliuzungusha mpira, akaupachika kwenye msumari, akagusa kitufe cha kijani na kusogea pembeni kuipisha. Haikwenda. Kwenye kioo chake, mahali palipozoeleka kuwa na alama ya mshale, palikuwa na picha ya watu wanaocheka, na chini yake maandishi: *Karibu! Sasa mimi ni msaidizi wa familia yenu. Simameni pamoja mbele yangu nizione nyuso za wote wanaoishi hapa.*

Ilikuwa hivyo tangu jana mchana. Jana alidhani ni betri. Aliiacha juani pamoja na paneli yake, na chakula akakipeleka mwenyewe hadi kizingitini pa nyumba ya baba mkwe, akagonga mlango kwa kijiti na kurudi upesi bila kutazama nyuma. Leo alipokwenda kuchukua sahani aliikuta kama alivyoiacha. Ugali umekauka, sisimizi wamejipanga.

Kwao, katika vilima vya Ileje, mke hamtazami baba wa mumewe. Haingii chumbani mwake, halitaji jina lake. Akikutana naye njiani huchepuka majanini na kuinama mpaka apite. Mchungaji alishasema kwamba salamu si dhambi. Waumini waliitikia amina, wakatoka kanisani, na wake wakachepuka kama kawaida. Tabita hakuuona huo kuwa mzigo. Ilikuwa namna ya kumheshimu mtu, na yeye alimheshimu mzee yule ambaye wengine walimwita Lusubilo. Kati ya watu wawili wa namna hiyo husimama mtoto: hubeba sahani, hupeleka neno, hurudisha neno. Tabita na Danford hawakuwa na mtoto.

Danford hutengeneza simu Tunduma, karibu na mpaka. Vipande vya roboti alivinunua upande wa Nakonde, vikiwa ndani ya boksi kama vitu vya kuchezea, akajifunza kuiunda kwa kutazama video, akaiandikia maelekezo kwa programu ya bure ya kampuni ndogo ya watu wapendao mambo hayo. Baba yake alipopooza upande mmoja, na mama akiwa ameshazikwa, aliileta nyumbani. Aliimwagia saruji njia nyembamba kutoka jikoni hadi kitandani kwa mzee. Tabita alisema neno jikoni; roboti ililibeba pamoja na chakula, ikalitamka kule kwa sauti isiyo ya mtu yeyote, Kiswahili safi cha redioni, kisha ikarudi na jibu. *Baba anasema ameshiba. Baba anasema ameamka vyema, ametembea hadi mlangoni.* Mzee aliiita Mjukuu.

Kahawa ilipoiva, Gibson, mtoto wa ndugu mdogo wa mzee, aliyekuwa akija kumwogesha, alikwenda Hasamba kuchuma. Tabita aliuliza kama atafutwe mtu mwingine. Mjukuu alirudi na jibu: *Baba anasema anaoga mwenyewe. Usisumbuke.*

Hakusumbuka.

“Leo kimegoma?” Alikuwa Roda, jirani, jembe begani, akichungulia juu ya ua. “Mmekilisha nini?”

“Kinataka picha. Kinataka tusimame pamoja, mimi na baba, kitutazame.”

Roda aliangua kicheko, kisha kikamkatikia mdomoni. “Wewe na nani?”

“Na baba.”

“Kwani waliokitengeneza hawana wakwe?”

“Dada Roda, nisaidie. Ingia wewe umpe uji.”

“Mimi! Mume wangu si wa ukoo huo huo? Mkwe wako ndiye mkwe wangu. Usinitafutie balaa asubuhi yote hii.”

“Basi mwanao Goodness akitoka shule.”

Roda alishusha jembe, na sauti pia. “Goodness hatakubali. Siku ile alipopeleka mboga alirudi ameziba pua. Eti babu ananuka. Nikampiga kofi. Mtoto gani hana adabu vile?”

Alikwenda shambani. Tabita alibaki ameushika ukingo wa sinia, uji ukianza kufanya utando.

Alimpigia mumewe.

“Umebonyeza kitu?” Danford aliuliza. Nyuma yake honi za malori zililia.

“Sijagusa. Imebadilika yenyewe.”

Alimsikia akivuta pumzi. “Wameinunua. Ile kampuni kubwa. Programu zake zimo ndani ya kila simu ninayoifungua hapa. Wameinunua ile ndogo, programu yetu wameifuta. Siku hizi wanauza roboti zao za nyumbani. Ziko Nakonde dirishani, zinaimba. Na zetu za zamani wamezitia akili mpya bila kutuuliza. Mimi nilikuwa natengeneza ya pili, Tabi. Nilishapata na mteja.”

“Hiyo akili mpya haibebi uji?”

“Itabeba. Kwanza inataka kuwajua wanaoishi hapo. Niliandika watu wawili, wewe na baba. Huko kwao watu wa nyumba moja wanakaa kochi moja. Simama naye mara moja tu, itembee.”

“Danford. Huyo ni baba yako.”

“Najua ni baba yangu.”

“Basi njoo wewe.”

“Gari nitapata kesho. Nikifika ni jioni.”

“Hajala tangu jana.”

Honi zililia tena, zikanyamaza. “Jifunike,” alisema hatimaye. “Mpe mgongo. Ishike mbele yako, iwaone wote wawili. Utakuwa hujamtazama.”

Tabita alijitanda kitenge kichwani, akaikumbatia roboti, akaifuata njia ya saruji. Mlangoni aligeuka. Akakohoa, akasema kama anayezungumza na ukuta, “Kuna mtu anaingia,” akaingia kinyumenyume.

Harufu ilimpokea kabla ya giza. Haikuwa harufu ya uzee.

“Ninaona mtu mmoja,” ilisema roboti. “Tafadhali funua uso.”

Alikishusha kitenge mabegani. Kwenye kioo aliuona uso wake mwenyewe, na nyuma ya bega lake kitanda. Mzee, aliyeisikia sauti ya mwanamke ndani ya chumba chake, alikuwa akifanya lililompasa: kwa mkono wake ulio mzima alilivuta blanketi akajifunika uso. Blanketi lilikuwa fupi. Kadiri lilivyopanda ndivyo lilivyouacha wazi mwili wa chini, na kwenye nyonga Tabita aliona kidonda kipana kama kisosi, kingo zake nyeusi, na katikati kitu cheupe alichokidhania kitambaa. Hakikuwa kitambaa.

“Mtu wa pili,” ilisema roboti kwa upole, “tafadhali onyesha uso.”

Aliishusha sakafuni, akaigeuzia ukutani, akatoka.

Alipokuwa akichochea moto hakujua amlaumu nani. Mzee alisema anaoga mwenyewe, na mtu mzima akisema hivyo ataulizwa na mkwe gani? Kila neno lililopita kwenye saruji ile lilifika salama, na hakuna hata moja lililokuwa na harufu. Roda atasema nini? Wanawake wa kwaya watasema nini? Alitia chumvi majini, akachana shuka safi vipande, na akarudi akitangulia kwa uso.

Uji kwanza. Alimwekea kikombe mkononi, akageuka kando, akamsikia akinywa chini ya blanketi kwa pupa ya mtu aliyeona haya ya kuwa na njaa. Kisha alipiga magoti. Alianzia pembeni, akiloanisha palipogandana na godoro, akifuta, akikamua, akirudia. Mzee hakulia. Alishika ubao wa kitanda, na vidole vyake vikawa vyeupe.

Maji yalibadilishwa, yakachafuka tena.

“Ni kikubwa?”

Sauti ilitoka chini ya blanketi, nyembamba kuliko alivyoidhania. Haikuwahi kumwelekea yeye. Jibu la kupitishia kwa mtu mwingine lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, lile lile la kila siku; akaliacha.

“Ni kikubwa, baba. Kinataka hospitali. Danford anakuja kesho.”

Blanketi lilipanda na kushuka juu ya mdomo wake.

“Kesho saa ngapi?”

“Jioni.”

“Basi acha kwa leo, mama. Siwezi zaidi.” Alivuta pumzi. “Lakini kesho uje mapema. Kabla hajafika, tusafishe na kile kingine cha upande wa ukutani.”

Tabita alitazama ukuta, na ule upande wa mwili ambao bado hakuuona. Hakuuliza. Alikikamua kitambaa mpaka kikaacha kudondoka, akakitandaza kwenye ukingo wa beseni ili kikauke.