Skrubu Iliyotazama Juu

Inatangazwa kwa heshima na taadhima kwamba leo Jumamosi, saa mbili asubuhi, taa ya injini ya gari letu kuukuu imewaka kwa hiari yake yenyewe, bila kuguswa wala kushawishiwa na mkono wa binadamu yeyote.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa jokofu na binti wa nyumba, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. Mama yake alilisoma mara mbili huku akikoroga chai.

"Na nani ameuliza?" akasema.

Binti alijifanya hakusikia. Nyumbani aliitwa Waziri, na cheo chake kamili kilikuwa Waziri wa Tochi. Baba yake alimteua alipokuwa na umri wa miaka saba, awe anammulikia akitengeneza gari. Mwaka ule baba, ambaye kwa kazi alikuwa mtunza stoo na kwa mapenzi alikuwa fundi wa Jumamosi, alirudi kutoka duka la vipuri amekumbatia chujio la hewa jekundu, nono kama nanasi, pamoja na ekzosi ambayo mtoto angeweza kuingiza kichwa. Vitu vyenyewe havikutoka kiwanda kilichounda gari, lakini baba aliapa kwamba sasa gari litapumua.

Likapumua kweli. Siku ya tatu likawasha taa ya injini. Baba akachomeka kimashine cha kupimia kwenye tundu lililo chini ya usukani, na kimashine kikatoa namba: 171. Akafungua daftari lake la namba za hitilafu, akasoma kwa sauti: "Hewa nyingi, mafuta kidogo."

"Mlitaka lipumue," mama alisema akiwa dirishani. "Si hilo linapumua?"

Waliisaka hewa hiyo kwa Jumamosi sita. Walisafisha kihisi cha hewa, wakapaka povu la sabuni kila kiungo, na Waziri akatega sikio kwenye kipande cha bomba kama daktari. Jumamosi ya sita alisikia *sss* nyuma ya lile chujio jekundu. Lilikuwa limekaa vibaya na kuuvuta mpira mwembamba wa hewa mpaka ukaanza kuachia. Baba aliurudisha mahali pake, akaukaza kwa klipu, kisha akaizungusha klipu taratibu.

"Kichwa cha skrubu kitazame juu," alisema. "Atakayefungua kesho asiumize vidole."

"Nani atafungua kesho?"

"Si ni mimi na wewe!"

Tangu hapo gari lilimpeleka shule kila muhula, likinguruma hivi kwamba mlinzi wa pale shuleni alifungua geti kabla halijakata kona. Waziri aliona aibu kwa mihula miwili. Muhula wa tatu, akiwa kitandani bwenini, alijikuta akiusikiliza ule mngurumo ukififia kuelekea barabara kuu, akahesabu gia moja baada ya nyingine, akingoja usikike tena. Ukakataa kusikika. Alilia, ingawa kwa wenzake alisema ni vumbi.

Sasa ana miaka kumi na sita, na mgongo wa baba umekataa kuinama. Gari lilikuwa limepata mnunuzi: Sista, muuguzi aliyezungukia zahanati za mbali. Sharti lake lilikuwa moja tu. Gari lake la mwisho lilizimika njiani akiwa na sanduku la chanjo, kwa hiyo gari lenye taa ya injini hata asionyeshwe.

Na taa ilikuwa imewaka.

"Basi, baba yangu," Sista alisema uani, mkoba ukiwa tayari begani. "Mimi si mtu wa kubahatisha."

"Dakika tano tu, Sista." Baba alichomeka kimashine, akatabasamu kama aliyekutana na mtu aliyesoma naye. "Mia na sabini na moja! Umerudi?"

"Pole sana, baba," Waziri akasema kwa huzuni ya mazishini. "Uzee ni uzee. Labda tuliache tu lipumzike hapa hapa nyumbani."

"Tochi."

Waziri akamulika betri.

"Kushoto."

Akamulika rejeta.

"Kwani Wizara imehamia wapi siku hizi? Nyuma ya chujio, mwanangu."

Baba aliinama kwa kuguna, mkono mmoja kiunoni. Mpira mwembamba ulikuwa umechomoka, unaning'inia. Alipapasa ncha yake kwa kidole. Akapapasa tena.

"Sista, hebu njoo uone. Mpira ukichomoka wenyewe, klipu yake huwa imelegea au imedondoka. Huu umechomoka, halafu ukakaza klipu yake isipotee, na skrubu ukaigeuza itazame juu."

Sista alichungulia. "Mpira wenye adabu huo."

"Sana. Umelelewa." Baba alijinyoosha polepole, wala hakumtazama binti yake. "Waziri, mweleze Sista gari lina tatizo gani."

Hapo tochi ikawa nzito. Kukaa kimya kulitosha: Sista angeondoka na gari lingebaki. Lakini baba alikuwa akiifuta klipu ile kwa kitambaa, na usoni alionekana kama mtu aliyesomewa matokeo ya mtihani wa mwanawe, akakuta amefaulu somo moja na kuanguka jingine.

"Halina tatizo, Sista," Waziri akasema. "Ni mimi. Niliuchomoa Alhamisi, kwa sababu taa hii haiwaki papo hapo, mpaka gari litembee safari mbili."

"Ndiyo maana jana likatetemeka!" baba akasema. "Na mimi nikalaumu mafuta."

"Nilikusikia ukilaumu. Nikakuunga mkono."

"Kwa nini, mwanangu?"

Waziri alitafuta maneno makubwa, ya matangazo. Hayakuja.

"Nilifikiri tungeisaka hewa tena. Jumamosi sita. Ungeinama kidogo tu, mengine ningeinama mimi."

Baba alimnyooshea bisibisi. "Inama basi. Ufunge."

Akaurudisha mpira, akakaza klipu, na skrubu ikatazama juu. Vidole vilijua njia. Sista alishusha mkoba begani, akauweka juu ya kiti cha dereva.

"Na kule nyuma?" akauliza. "Nilipolijaribu wiki iliyopita nilisikia kitu kinagonga kwenye gurudumu."

Waziri akaizima tochi, akaiweka mfukoni.

"Kokoto tatu, Sista. Ziko ndani ya kifuniko cha gurudumu la kulia. Na hizo pia ni zangu."