Aliyekaa Kulia

Wapagazi walikwisha jitwika, kamera mbele, vioo vya picha nyuma vimefungwa kwa majani makavu, pale wazee wa Oke-Ata walipomwahi Sofoluwe mpiga picha njiani na kumshika joho.

"Fundi, rudi. Umetuletea mtu, huwezi kumwacha mlangoni."

Mtu mwenyewe alikuwa pichani. Mzee Taiwo alikuwa akiutaka uchifu maisha yake yote, na pacha wake Kehinde alikufa wangali mgongoni mwa mama. Mtu haendi kudai kiti akiwa nusu. Basi Sofoluwe alimpiga picha kama wapigwavyo pacha waliofiwa: kwanza kushoto kama Taiwo, kioo kikiwa kimefunikwa nusu, kisha akabadili kofia, akahamia kulia kama Kehinde. Wakatoka wawili, bega kwa bega. Ila kushoto nzi alimtua puani, uso ukavurugika. Kulia alikuwa amekwisha choka, akatulia kama mfalme.

"Kehinde ndiye mkubwa," alisema mzee Ogunsola. "Taiwo hutumwa tu atangulie kuionja dunia. Kiti kimruke mkubwa kimwendee tarishi?"

"Lakini huyo ni mimi," alisema Taiwo. "Wote ni mimi."

"Mume wangu, usimvunjie kaka yako heshima," alisema Asabi, mkewe. "Tangu jana yumo nyumbani, hajanikemea hata mara moja."

"Mwanangu Sofoluwe," Taiwo alimgeukia. "Waambie. Kitini alikaa nani?"

Sofoluwe alifungua kinywa aseme kweli. Nyuma ya wazee akamwona mwanamke aliyefiwa na mtoto pacha, ambaye alimpigia picha kama ile siku ya soko. Alikuwa ameipakata, kaifunika kanga isipigwe na jua.

"Walikaa wawili," alisema. "Wa kulia hakutikisika."

Kehinde akasimikwa, picha ikawekwa kitini. Taiwo alimbeba barazani, akimpepea na kuwasomea watu hukumu zake, nazo zilisifiwa kuwa za haki kuliko lolote ambalo Taiwo angelisema. Asabi alikuwa akimpakulia kaka mtu kwanza. Taiwo alikufa msimu wa viazi vikuu, akazikwa kama mdogo wa chifu. Mchwa wakamla Kehinde mwaka uliofuata, akazikwa kwa ngoma. Ogunsola akarithi kiti, akakataza kamera. Sofoluwe alikufa kwa homa huko pwani. Picha yake haipo.